Benki Mbili na Shamba la Bi Somoe

Haya, sogeeni. Anayetaka hadithi ya sungura na fisi aende nyumba ya pili, huko wanacheka mpaka sasa hivi. Hapa kwangu leo hakuna cha kucheka. Nina watu watatu na shamba moja, na shauri lao limenishinda, ndiyo maana nimelileta kwenu. Atakayesinzia njiani asije akanipa jibu mwishoni.

Wa kwanza aliitwa Sharifa, na kipaji chake kilikuwa kusema kweli. Sisemi ile kweli ya kutiwa sukari. Ukimwuliza kama gauni limekukaa, anakwambia limekukaa vibaya na anakuonyesha mahali penyewe. Aliuza vitumbua asubuhi mbele ya ghala la chama cha wakulima, na watu walivila huku wamemnunia. Lakini mgonjwa akitaka kujua kama anapona au anakwenda, nyumba nzima ikimficha, alikuwa anaitwa Sharifa.

Wa pili aliitwa Dadi Mchopa, na kipaji chake kilikuwa kukaa. Naona mnacheka, lakini kukaa ni kazi. Dadi aliweza kukaa kwenye benchi la ofisi yoyote, bila hasira, bila kusinzia, bila kuvuta simu mfukoni kila mara. Alipokuwa anatafuta cheti cha kuzaliwa cha bintiye, karani alimwambia njoo kesho, njoo kesho, mpaka karani mwenyewe akachoka kumwona akakiandika. Mtu huyu hakuwa mjanja. Alikuwa haondoki tu.

Wa tatu alikuwa mzee Chilumba. Huyu hakuwa na ulimi wala benchi. Alikuwa na jina. Tangu atie akili hakuwahi kukopa kitu kwa mtu, hata chumvi. Chumvi ikiisha nyumbani kwake, walikula mboga chapwa mpaka pesa ipatikane, na mkewe alinung'unika miaka yote hiyo bila kusikilizwa. Palipokuwa na msiba na michango ikakusanywa, alikabidhiwa Chilumba, na hakuna aliyeihesabu tena ikitoka kwake.

Hao ndio watatu. Sasa mjueni Bi Somoe, maana bila yeye hawana la kugombania.

Bi Somoe Nandonde aliishi juu kule Uwanda wa Makonde, mahali ambapo maji ni ya taabu na mikorosho ndiyo kila kitu. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Ausi. Mwaka mmoja alikopa benki pesa ya salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho ili maua yasiharibiwe na ukungu. Pesa ilipofika mkononi, Ausi akaanza kutapika damu. Pesa ya salfa ikaenda hospitali, ikaishia huko, na Ausi akafa. Mikorosho haikupuliziwa, maua yakaungua, na msimu ule Bi Somoe hakupata hata gunia moja.

Kisha ikaja arobaini. Kwa watu wa pale, arobaini ya mtoto wa pekee haipikwi kwa sufuria ndogo. Bi Somoe aliona kwamba watu wakisoma dua na kuondoka na chai kavu, itasemwa mwanawe alizikwa kama mtu asiye na kwao. Basi akaenda kwa mfanyabiashara mmoja, Bwana Lipwata, akaweka rehani shamba la bondeni alilorithi kwa mama yake. Makubaliano yalikuwa kwamba Lipwata avune mikorosho ile, korosho ziwe zake, mpaka Bi Somoe amrudishie pesa yake. Isiporudi kabla ya msimu wa nne kwisha, shamba lingekuwa lake moja kwa moja. Bi Somoe akanunua mchele na ng'ombe. Kijiji kizima kilikuja, kikala, kikashiba, kikanawa mikono na kusema, "Mungu amrehemu Ausi." Wiki iliyofuata kikaanza kumsema mama yake kwa kupenda kukopa.

Akabaki na mikorosho michache ya uani. Kila msimu alipeleka korosho zake ghalani, chama kikaziuza mnadani, na malipo yakaingia benki kwenye akaunti yake kama ya kila mkulima. Lakini benki yenyewe ndiyo ile iliyomkopesha pesa ya salfa. Pesa ikiingia tu, inakatwa. Anakwenda kuulizia, anaambiwa, "Mama, hapa huna kitu." Na kwa kuwa riba ilikuwa ikiongezeka upande wa pili, deni halikupungua kwa namna ya kuonekana. Alikuwa akivuna, asile.

Lililomvunja hasa lilikuwa jingine. Siku moja maofisa wa benki walikuja kwenye mkutano wa chama na kipaza sauti, wakasoma majina ya wadaiwa sugu. Jina lake likasomwa mbele ya watu wale wale waliokula pilau ya arobaini. Tangu siku ile Bi Somoe hakwenda tena mkutanoni, na bombani alikwenda jua likiwa kali wakati wenzake wamesharudi.

Basi ukaja msimu wa nne, ule wa mwisho. Na tazameni mambo ya Mungu, mwaka huo mikorosho ya uani ilizaa kuliko kawaida, na bei ya mnadani ilikuwa nzuri. Kwa mara ya kwanza pesa ya korosho za uani ingetosha kumlipa Lipwata na kulirudisha shamba la mama yake. Ila pesa hiyo ingepita benki ile ile, na ingekatwa yote. Njia ilikuwa moja, ahamie benki nyingine, na namba mpya ya akaunti ifike kwenye chama kabla ya mnada. Mjini wilayani palikuwa na benki nyingine. Lakini kijijini ilisemwa kwamba mdaiwa sugu hafunguliwi akaunti popote, jina lake linaonekana kwenye kompyuta za benki zote. Bi Somoe aliamini. Akajifungia ndani.

Sharifa alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alimkuta amelala mchana.

"Wifi, panya wanakula korosho zako uani. Wewe unangoja nini?"

"Namngoja Lipwata achukue shamba lake. Tumalize."

"Nenda kafungue akaunti benki ile nyingine."

"Nikaseme nini? Wataniona kwenye kompyuta, waitane waje kunitazama. Niache, Sharifa. Wewe hii aibu huijui. Hukusomwa kwenye kipaza sauti."

Sharifa akaketi karibu naye. Kisha akasema, "Mimi sikusomwa kwa sababu nilikimbia."

"Ulikimbia wapi?"

"Ulifikiri nilikuja kuishi huku kwa kumpenda sana kaka yangu? Kule Masasi nilikuwa kwenye kikundi cha mikopo, wanawake tumedhaminiana. Mimi nikashindwa kulipa. Nikapanda gari, sikumuaga mtu. Wenzangu wakalipa deni langu. Mmoja aliuza cherehani yake, alikuwa hana kazi nyingine. Mpaka leo sijarudi kumtazama usoni."

Ng'ambo ya ua palikuwa na wanawake wawili wanabangua korosho, na mikono yao ilisimama. Sharifa aliwaona wanasikiliza. Hakupunguza sauti.

"Kwa hiyo naijua," akasema. "Inauma, lakini haiui. Nyanyuka uvae. Tunakwenda kuwaambia wenyewe kabla hawajasoma kwenye kompyuta."

Walikwenda. Ndani ya benki ile mpya Bi Somoe alikaa mbele ya dada mmoja ofisa, akageuka kutazama mlango. Sharifa akamgusa mgongo. Ndipo akasema, "Mwanangu, mimi ni mdaiwa sugu. Nadaiwa na wale wa mtaa wa pili pesa ya salfa. Nimekuja kukwambia kabla hujaona."

Yule ofisa aliacha kuandika. "Mama, wengi wanaficha. Sisi tukiangalia tunaona, halafu tunawakatalia kwa sababu wametuficha. Wewe umesema. Niletee barua ya benki yako ya zamani kwamba mmeelewana namna ya kulipa. Ukiileta, nakufungulia akaunti mimi mwenyewe."

Njiani kurudi Bi Somoe alimshika Sharifa mkono. "Pesa hii ikifika mkononi mwangu," akasema, "nikifa, shamba la mama ni lako. Lote, lisikatwe. Babu alilikata la kwake vipande, kila mtoto akaweka rehani cha kwake, leo hakuna hata mti. Ila usimwambie mtu, watu wana maneno."

"Mimi sikukuomba shamba, wifi."

"Najua. Nimekupa."

Jioni ile kijiji kizima kilikuwa na habari za Masasi. Mwenye duka aliyekuwa akimpa Sharifa unga wa mchele na mafuta kwa kulipana jioni alimwambia kwamba kuanzia leo ni taslimu. Taslimu hakuwa nayo. Vitumbua vikaisha mbele ya ghala, na wale waliokuwa wakivila wakimnunia sasa walimnunia bila kula.

Ikabaki barua. Hapo akaingia Dadi. Alikuwa mtoto wa dada yake Bi Somoe, na dada huyo alishakufa. Bi Somoe alimwendea akilia.

"Mwanangu, wale watu mimi siwawezi. Nikifika mlangoni narudi."

"Mama mdogo, nitakwenda mimi," Dadi akasema. "Nipe karatasi zako zote, na uniandikie kwamba umenituma."

Alifika benki ile ya zamani akaomba kumwona meneja. Akaambiwa meneja ana kikao. Akakaa kwenye benchi. Jioni akaambiwa aje kesho, na kesho yake mlinzi alipofungua lango alimkuta amesimama hapo na mfuko wake wa mihogo ya kuchemsha. Meneja alikuwa na kikao tena. Wiki ikaisha hivyo, nyingine ikaanza.

Sasa kumbukeni ulikuwa msimu. Korosho za Dadi mwenyewe zilikuwa zinadondoka shambani, na mkewe alikuwa na mtoto mchanga, hawezi kuokota peke yake. Akatuma ujumbe kwamba wingu limefunga. Dadi akasoma, akarudisha simu mfukoni. Mvua ya kwanza ikanyesha, korosho zikalala kwenye maji, zikageuka nyeusi. Korosho nyeusi ghalani haipokelewi. Dadi alijua yote hayo akiwa kwenye benchi, na alikaa.

Mwishowe meneja akatoka mwenyewe. "Hivi wewe kijana huna kazi?"

"Ninayo, mheshimiwa. Korosho zangu zinaoza."

"Sasa si uende?"

"Nikienda utasahau."

Meneja akamtazama, akasugua macho, akamwita ndani. Dadi akaeleza. Akasema mama huyu mkimkata kila kitu kila msimu atakufa na deni lenu atakwenda nalo, lakini mkimwacha apate shamba lake atalipa kidogo kidogo. Meneja akapiga hesabu zake muda mrefu. Mwisho akakubali. Riba ingesimama, na Bi Somoe angelipa fungu dogo kila msimu mpaka deni liishe. Barua ingeandikwa. Ila alete mdhamini, na mdhamini huyo asiwe amewahi kudaiwa na mtu yeyote.

Dadi aliporudi, Bi Somoe alimshika kichwa kama anavyoshikwa mtoto. "Umenifaa, mwanangu. Pesa hii ikifika mkononi, nikifa, shamba la mama ni lako, lisiishe vipande kama la babu. Lote, lisikatwe. Usimwambie mtu."

"Ahsante, mama mdogo," Dadi akasema. Kisha akaenda kuzitazama korosho zake, na mkewe hakumsemesha mpaka mwaka ukageuka.

Mdhamini ambaye hakuwahi kudaiwa! Kijijini pale alikuwa mmoja, na hata ninyi mnamjua. Bi Somoe akapiga hodi kwa mzee Chilumba, Dadi nyuma yake.

Chilumba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. "Bi Somoe," akasema, "unajua unachoniomba?"

"Nakijua, kaka."

"Mimi sijakopa hata chumvi."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Ningekuwa na mwingine nisingekusumbua."

Mkewe akapaza sauti kutoka jikoni, "Usisaini, baba Zuhura! Miaka yote hii tumekula mboga chapwa kwa ajili ya nini, kama unakwenda kulitoa jina hilo leo kwa mtu baki?"

Bi Somoe akaanza kunyanyuka aondoke. "Kaa," Chilumba akasema. "Nilikula arobaini ya Ausi. Nilirudia sahani. Na nilijua mchele ule umetoka wapi, wote tulijua, hakuna aliyesema tusile. Lete kalamu."

Kesho yake walikwenda naye mjini. Aliandika jina lake polepole, herufi moja moja. Nje ya benki Bi Somoe akamvuta pembeni. "Kaka Chilumba, hukuwa na haja na mimi. Pesa hii ikifika, nikifa, shamba la mama ni lako, lisiishe vipande kama la babu. Lote, lisikatwe. Usimwambie mtu."

"Wewe lipa tu mafungu yako," Chilumba akasema. "Hilo linanitosha."

"Nitalipa. Na shamba ni lako."

Barua ikapatikana, akaunti mpya ikafunguliwa, na namba ikafika kwenye chama mnada ukiwa umekaribia. Korosho za uani zikauzwa. Pesa ikaingia benki mpya, ikakaa, haikukatwa. Bi Somoe aliishika mkononi, akatoa kwanza fungu la benki ya zamani, kisha akaenda kwa Lipwata. Lipwata hakufurahi, lakini alipokea. Shamba la bondeni likarudi.

Hadithi za watu wengine zingeishia hapo, na ninyi mngekwenda kulala vizuri. Yangu haiishii hapo.

Bi Somoe aliona shamba lake kwa miezi michache. Alipalilia, akakata matawi makavu, akakopa? La, salfa ya safari hiyo aliinunua kwa pesa iliyobaki, na akaipulizia yote. Watu walimwona anaimba. Alianza kwenda bombani asubuhi pamoja na wenzake. Kisha kabla msimu haujafika moyo wake ukasimama. Alikutwa amekaa mlangoni, jembe likiwa pembeni. Mwanamke yule alikuwa amechoka siku nyingi, nasi tulidhani amepumzika. Hakuwa amemwambia mtu mwingine neno juu ya shamba.

Deni la salfa lilibaki na mafungu mengi. Benki ya zamani ilimwita mdhamini alipe deni lote kwa mara moja. Mzee Chilumba hakuwa na pesa hizo, na hata angeuza nyumba zisingefika. Akapewa muda, muda ukaisha. Kwenye mkutano wa chama wakaja tena na kipaza sauti, wakasoma wadaiwa sugu, na Chilumba aliposikia jina lake alisimama, akaitikia, kama mtoto wa shule anayeitwa darasani. Watu wakainamisha vichwa. Tangu siku ile michango ya misiba inakusanywa kwa mtu mwingine, na inahesabiwa ikiingia na ikitoka.

Ukoo wa Bi Somoe ukakaa uani kwake kuzungumza mambo ya marehemu. Kaka yake mkubwa, mzee Nandonde, ndiye aliyeongoza. Akauliza kama kuna mwenye neno juu ya shamba. Dadi akasimama kusema aliahidiwa. Sharifa akageuka kumtazama. Chilumba, aliyekuwa amekaa nyuma karibu na mlango, akasema taratibu, "Hata mimi." Na Sharifa akasema, "Basi tuko watatu."

Kila mmoja akaeleza alivyoambiwa, na maneno yalikuwa yale yale. Hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, maana hakuna mtu anayeweza kuyabuni maneno yale ya babu na vipande vyake.

Dadi akasema, "Mimi ni mtoto wa dada yake. Kwetu mali ya mama inashuka kwa watoto wa kike na watoto wao. Hata bila ahadi ningekuwa wa kwanza. Na msimu wangu wote ulioza nikiwa kwenye benchi lile. Watoto wangu walilala njaa kwa ajili ya barua hii."

Sharifa akasema, "Mimi si wa ukoo huu, na sikuomba shamba. Lakini semeni kweli. Nisingemnyanyua, barua ya nani ingetafutwa? Mdhamini wa nani? Alikuwa amelala anamngoja Lipwata. Nilichokuwa nacho kilikuwa siri moja, nikaitoa. Sasa sina biashara, na watoto wananiita Masasi."

Chilumba alisema wa mwisho. Alipoanza, sauti yake ilikuwa ndogo. "Wenzangu walipoteza msimu na biashara. Vinarudi hivyo, Mungu akijaalia. Mimi nimebaki na deni ambalo sikulila. Nikipewa shamba, nitalilipa kwa korosho zake, nife nikiwa sidaiwi. Nisipopewa, nitakufa hivi."

Mtu mmoja akasema ligawanywe mafungu matatu. Wote watatu wakakataa kwa pamoja. Marehemu aliwaambia lisikatwe, na hilo ndilo neno pekee ambalo hawakulibishania. Mwingine akasema apewe Chilumba alipe deni, kisha amrudishie Dadi. Chilumba akauliza, "Nikifa kabla sijalimaliza je? Mtamrithisha nani deni?" Mwingine akauliza kama jirani anaweza kurithi shamba la kikeni, linaloshuka kwa wanawake, kwa sababu ya saini, na hapo kelele zikaanza, mzee Nandonde akasema kichwa kinamuuma, akaingia ndani.

Najua wapo kati yenu watakaosema Bi Somoe alikuwa tapeli, aliuza shamba moja mara tatu. Sikubali, na atakayesema hivyo mbele yangu tutagombana. Mwanamke yule hakujua kuomba msaada bila kuweka kitu rehani. Alipokuwa na shida, kila mlango aliogonga aliulizwa ana nini cha kuweka. Akafika kwa watu watatu ambao hawakumwuliza swali hilo, na hakuwaamini. Inaniuma nikifikiria hilo. Wote watatu wangemsaidia bure, naye alikufa akiwa anadaiwa na wote.

Sasa msimu umeanza. Shamba la bondeni limezaa, maana alilipulizia mwenyewe salfa kwa mkono wake. Korosho zinadondoka na hakuna anayeziokota. Dadi haendi, kwa sababu atakayeokota ya kwanza ataambiwa amejimilikisha. Sharifa haendi kwa sababu hiyo hiyo, na Chilumba siku hizi hatoki nyumbani. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanachacha chini ya miti, harufu yake inafika barabarani. Upande wa mashariki mawingu yameanza kukusanyika. Na ofisa wa benki amepiga simu kuulizia deni la salfa.

Mimi nimelifikiria mpaka nimechoka. Nikimpa mmoja, naona nyuso za wawili. Basi nawaachia ninyi, na wewe uliyekaa karibu na mlango, usijifanye hukusikia. Sharifa aliyemnyanyua, Dadi aliyekaa, au Chilumba aliyetoa jina lake: ungempa nani shamba la Bi Somoe? Na ukishampa, wale wawili waliobaki ungewaambia nini?